Msituambie haraka kama Bwana Nyama alihongwa

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wako wa barua ulikuwa na watu wawili waliopingana kuhusu riwaya ya mfululizo inayotoka kila Jumamosi, ile ya mhifadhi wa wanyamapori mwenye madeni na chupa. Mmoja, ofisa mstaafu, anataka uifute kwa sababu inachafua sare. Mwingine, kijana, anataka mwandishi aache kutuzungusha: sehemu ijayo atamke kama mhifadhi alipokea fedha ili kesi ya yale meno ya tembo ife, au hakupokea. Nimezisoma barua zote mbili mpaka chai yangu ikapoa mezani. Naomba nafasi niwajibu, na nimwombe mwandishi jambo moja.

Mimi sikuwa mhifadhi. Kwa miaka 19 nilishika funguo za chumba cha nyara katika kituo kimoja kando ya Pori la Akiba la Selous, upande wa Morogoro, enzi za Idara ya Wanyamapori. Sikubeba bunduki. Doria nilikwenda mara mbili tu, na mara zote mbili nilibaki kwenye gari. Lakini kila jino, kila ngozi, kila gobole na kila fungu la nyama kavu walilorudi nalo vijana wetu nililipokea mimi. Nililipima, nikalipa namba, nikaliandika kwenye rejista na kusaini. Kesi ilipoitwa nililitoa mimi, na mimi ndiye niliyepanda kizimba cha mashahidi kueleza lilikaa wapi na nani aliligusa. Kwa hiyo riwaya hii naisoma kwa jicho la mtu aliyekaa upande wa pili wa mlango ambao mwandishi hajaufungua.

Mzee wangu ofisa mstaafu, shikamoo. Mwaka 2013 tulikuwa na Operesheni Tokomeza, ile ya kuwasaka majangili. Ilianza Oktoba, na mapema Novemba ikasimamishwa baada ya wabunge kusimama mmoja baada ya mwingine kueleza habari za watu waliopigwa, waliodhalilishwa, na wengine waliokufa. Desemba mwaka ule mawaziri wanne walipoteza nafasi zao. Hayo hayakutungwa na mwandishi wa riwaya, yamo kwenye kumbukumbu za Bunge. Na katika operesheni ileile walikuwamo vijana waliofanya kazi yao kwa haki wakarudi nyumbani na malaria na miguu iliyovimba. Wote walivaa nguo za rangi moja. Mwandishi aliyemchukua mtu mmoja, mwenye mema yake na mabaya yake, akamvika nguo hizo, sioni amemtukana nani.

Wazee wa vijiji vya kwetu walimwita Bwana Nyama. Vijana wa leo wanasema mhifadhi, au askari wanyamapori, lakini jina lile la zamani lilikuwa na maana mbili na wazee walizijua zote. Bwana Nyama ndiye aliyekuja na bunduki tembo walipovamia mahindi, akamwangusha mmoja, na kijiji kizima kikala. Na ndiye huyohuyo aliyekuja mwezi uliofuata akamfunga mtu pingu kwa sababu ya paja la pofu, yule swala mkubwa, lililokutwa juu ya dari. Watoto walimkimbilia, na watoto walimkimbia. Mwandishi wa riwaya hii ameliona hilo, na ndiyo maana sitaki aachishwe kazi.

Ameliona na jambo jingine ambalo nilidhani linajulikana na sisi wa ndani peke yetu: deni. Mhifadhi wake anakopa dukani si kwa ajili ya pombe tu, anakopa ili amlipe mtoa taarifa. Hiyo ndiyo hali yenyewe. Mtu wa kijijini anayekunong'oneza kwamba fulani ameficha bunduki ya kuulia tembo kwenye shamba la ufuta anahatarisha shingo yake. Anataka chake kesho, hawezi kungoja karatasi itoke kwako iende mkoani, iende wizarani, na irudi baada ya miezi minane. Kwa hiyo mhifadhi mwenye moyo wa kazi anatoa mfukoni mwake. Akiishiwa anakopa. Akikopa sana, kila mwenye duka, kila mwenye lori la mkaa na kila mfanyabiashara wa mbao anaanza kumdai, na siku moja mmoja wa wadai hao anaomba geti lisifunguliwe sana wala lisifungwe sana. Nimewajua watatu walioingia shimoni kwa njia hiyo, na hakuna hata mmoja wao aliyeanza akiwa mwizi. Sehemu ya tano ya riwaya, pale mhifadhi anapohesabu noti kwenye mwanga wa simu na kugundua kwamba zikibaki kwake watoto watakula, zikienda kwa mtoa taarifa tembo watapona, niliisoma nikiwa nimeshika kifua.

Yako makosa, na nayataja upesi. Jino la tembo halikatwi kwa msumeno kama muwa. Kiasi cha theluthi yake kimezama ndani ya fuvu, na jangili mwenye haraka anapasua uso mzima kwa shoka ili alipate lote. Ndiyo maana meno yalipoletwa kwetu mara nyingi yalikuwa na nyama iliyokauka kwenye shina, na ile harufu ilikaa kwenye nguo zangu mpaka nyumbani. Tena si kila tembo anapigwa risasi. Wengine waliwekewa sumu kwenye maboga. Na ule moto wa sehemu ya tisa, waziri akichoma shehena ya meno Dar es Salaam mbele ya kamera, ni moto wa majirani. Kenya ndiyo iliyochoma: tani 12 mwaka 1989 mbele ya Rais Moi, na tani 105 mwaka 2016. Sisi tuliyaweka. Mwaka 2010 tuliomba kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kule Doha turuhusiwe kuuza karibu tani 90, tukanyimwa, yakabaki ghalani.

Na hapo ndipo mwandishi amepita mlango bila kubisha. Kilichochomwa kimekwisha. Kilichowekwa kina ufunguo, na ufunguo una mtu. Kinahesabiwa, kinapimwa upya, kinahamishwa kwa lori usiku, kinasainiwa na huyu na kupokewa na yule. Katika riwaya mtunza ghala ametokea mara moja tu, mzee asiye na jina anayesinzia kwenye kiti wakati mhifadhi anapita. Mimi sikuwahi kusinzia.

Naomba nisimulie usiku mmoja.

Ilikuwa mwaka 2012, msimu wa mvua. Msomaji ambaye hakuwa kwetu miaka ile aelewe ilivyokuwa: hesabu ya ndege ya mwaka 2009 ilikuta karibu tembo 39,000 katika ikolojia ya Selous na Mikumi, na ile ya mwaka 2013 ikakuta kama 13,000. Katika kila tembo watatu, wawili walipotea ndani ya miaka minne. Sisi wa ghala hatukungoja hesabu ya ndege. Tuliona kwa meno yenyewe yalivyokuwa yanapungua ukubwa mwezi hadi mwezi, kwa sababu wakubwa walikuwa wamekwisha.

Usiku ule gari liliingia nikiwa nimelala kwenye nyumba ya kituo. Bwana Nyama wetu, ambaye sitamtaja jina, alikuwa ndiye hodari kuliko wote tuliokuwa nao. Alisoma nyayo kama watu wanavyosoma gazeti. Alikuwa pia mtu wa haraka, mtu wa madeni, na mtu wa ahadi nyingi. Alibisha akasema, "Dada, fungua, nina manne."

Nikawasha taa ya chemli, nikafungua. Meno mawili makubwa na mawili madogo. Makubwa yalikuwa ya tembo mmoja, nilijua kabla ya kupima: la kulia lilikuwa fupi na laini kwenye ncha, la kushoto refu na kali. Tembo ana jino analolipenda, kama sisi tulivyo na mkono wa kulia. Analichimbia, analikwangulia magome, linalika. Kilo 11 na kilo 10 na nusu. Madogo yote mawili hayakufika kilo 4 kwa pamoja. Nililishika moja kwa mkono mmoja na kiganja changu kilikaribia kulizunguka. Ndani ya shina, kwenye ule uwazi, kulikuwa bado na unyevu. Nikaandika namba kwa wino usiofutika, nikangoja ukauke, nikafungua rejista. Juu ya mlango palikuwa na saa ya ukutani ambayo betri yake niliibadilisha mwenyewe kila Januari. Ilionyesha saa 8:40 usiku. Nikaandika: 8:40 usiku. Nikasaini, naye akasaini kuwa amekabidhi.

Watuhumiwa walikuwa wawili, wamekaa barazani, wamelowa. Nikamuuliza hati ya ukamataji mali iko wapi. Akanionyesha fomu tupu. Akasema walipowakamata mto ulikuwa unajaa, wangekaa dakika kumi zaidi wasingevuka. Niliamini, na hata leo naamini sehemu hiyo, kwa sababu gari lilikuwa na matope mpaka kwenye vioo. Utaratibu tuliofundishwa ulitaka hati ijazwe palepale penye tukio, mtuhumiwa asaini, na shahidi huru asaini. Selous ile ilikuwa karibu kilomita za mraba 50,000. Shahidi huru unamtoa wapi porini usiku, mvua ikinyesha? Aliyetunga utaratibu huu hajawahi kutafuta mtu wa kusaini mahali ambapo jirani wa karibu ni kiboko. Lakini utaratibu ulikuwa ndio huo, na mahakama iliuangalia.

Alikunywa chai, akalala na kichwa mezani. Kulipoanza kupambazuka aliamka, akavuta fomu, akatazama saa yake ya mkononi, akaijaza. Watuhumiwa wakasaini pale barazani. Dereva wetu akasaini kama shahidi. Mimi nilikuwa nafagia mlangoni, nikaona yote. Sikusema kitu. Sikujua aliandika saa ngapi.

Kesi ilisikilizwa baada ya mwaka na zaidi. Siku tatu kabla sijatoa ushahidi, Bwana Nyama alikuja nyumbani kwangu jioni. Hakukaa. Alisimama kwenye mwembe, akaniambia kwamba kwenye hati ameandika meno yalikamatwa saa 11:15 alfajiri. Alikuwa ameandika saa aliyokuwa anajaza fomu badala ya saa ya kukamata. Uchovu, alisema. Na sasa rejista yangu inasema niliyapokea saa 8:40 usiku. Akasema, "Dada, tarakimu moja na neno moja. Nane iwe mbili, usiku iwe asubuhi. Saa 2:40 asubuhi. Safari ni saa tatu na ushee, itakaa sawasawa."

Ilikuwa kweli ingekaa sawasawa. Usiku ule nilikwenda ghalani peke yangu, nikafungua rejista kwenye ukurasa ule, nikaitazama ile nane. Nilikuwa nimeiandika kwa wino mweusi, vizuri, duara juu ya duara. Niliwaza lile jino dogo lililokaribia kuenea kiganjani. Watu wale wawili, kama wangetiwa hatiani, walikuwa wanaikabili miaka 20 na zaidi, na moyo wangu uliniambia wanastahili. Nilikaa pale mpaka mafuta ya taa yalipopungua. Kisha nikafunga kitabu. Nane haigeuki kuwa mbili bila kuacha alama, na mimi nilikuwa nimeweka jina langu chini yake.

Mahakamani wakili wa utetezi aliniuliza maswali matatu tu. Nilipokea vielelezo saa ngapi? Saa 8:40 usiku. Hati inasema vilikamatwa saa ngapi? Akanipa nisome: saa 11:15 alfajiri. Kwa hiyo vilifika mikononi mwako kabla havijakamatwa porini? Watu nyuma wakaguna. Hakimu akaniangalia kwa muda mrefu. Dereva naye aliulizwa walisaini wapi, akasema juu ya boneti ya gari, wakati Bwana Nyama alikuwa ameshasema juu ya jiwe kando ya mto. Mnyororo wa vielelezo ulikuwa umekatika sehemu mbili. Wakaachiwa. Mmoja wao nilikutana naye sokoni baadaye, anauza nyanya, akaniamkia shikamoo mama kwa adabu, nikaitikia marahaba.

Sasa nimjibu kijana anayetaka kuambiwa.

Mwanangu, hati iliyoharibiwa na mtu aliyechoka na hati iliyoharibiwa na mtu aliyelipwa ni hati moja. Wino ni uleule, kosa ni lilelile, mahali pa kusaini ni palepale. Mtu anayetaka kuua kesi ya nyara hahitaji kuiba jino ghalani wala kumtisha hakimu. Anahitaji kukosea saa. Anahitaji kusahau kumwita shahidi, au kuacha karatasi moja ya makabidhiano bila saini, kisha asimame mahakamani aseme alichoka. Mahakama ya Rufani imewaachia watu wengi kwa mapungufu ya namna hiyo, na imefanya sawa, maana bila karatasi mtu yeyote anaweza kubambikiwa jino. Ila ukitoka pale, ukamtazama usoni mhifadhi aliyekosea, huna cha kukuambia ni yupi kati ya wawili.

Mimi nimejaribu. Nilijiambia: mla rushwa asingehangaika kuja kwenye mwembe wangu kuomba kesi iokolewe. Hilo lilinifariji muda mrefu. Halafu nikakumbuka kwamba nakala ya ukurasa ule wa rejista ilikuwa imeshapelekwa kwa mwendesha mashtaka wiki mbili kabla, ndani ya bahasha, na bahasha aliipeleka yeye. Kama alijua kilichomo, basi alikuja kuniomba kitu ambacho kisingesaidia chochote, ila kunitia mimi hatiani. Kama hakujua, alikuwa mtu mwenye hofu anayetapatapa. Bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi. Niliifunga mwenyewe.

Mwaka ule alinunua pikipiki. Kituo kizima kilihesabu vidole. Mimi na mkewe tulikuwa wanachama wa SACCOS moja, chama cha akiba na mikopo, na niliona jina la mkewe kwenye orodha ya waliopata mkopo mwezi uleule. Nikapumua. Kisha nikaangalia kiasi: nusu ya bei ya pikipiki. Nusu nyingine sijui ilitoka wapi. Inaweza kuwa posho za doria alizodai miezi saba zikalipwa kwa mkupuo, maana zililipwa. Inaweza kuwa vinginevyo.

Na huku nikihesabu pikipiki ya mtu, yeye aliendelea kwenda porini. Mwaka uliofuata alikaa siku 14 kwenye doria moja na kurudi na bunduki mbili na homa. Hakuna aliyempongeza. Wenzake walikuwa wameacha kumpa taarifa nyeti. Alikula peke yake. Kama alikuwa safi, basi tulimfanyia jambo baya kwa miaka, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwa sababu nilinyamaza tu walipomsema, na kunyamaza kwa mtunza ghala watu hukuchukua kuwa ni ushahidi.

Hiki ndicho ninachokitafuta kila Jumamosi ninapofungua gazeti lako. Sihitaji bosi wa mjini mwenye miwani myeusi. Najua mabosi wapo. Mwaka 2019 Mahakama ya Kisutu ilimfunga miaka 15 mfanyabiashara Yang Fenglan, aliyeitwa Malkia wa Meno ya Tembo, kwa biashara ya vipande zaidi ya 800, na nilifurahi siku ile. Lakini kati ya mwanamke kama yule na tembo wa kwetu kuna mikono mingi, na karibu mikono yote ni ya watu wanaojulikana kwa majina yao ya nyumbani, wanaosalimiana msibani, wanaokopeshana sukari. Mhifadhi wa riwaya hii ni mmoja wa watu hao. Mlevi, sawa. Mwenye wanawake wawili, sawa, ingawa hapo naona mwandishi amefuata njia ya watunzi wengine wote. Kasoro ya mhifadhi inayoua tembo haiko kwenye chupa. Niliwajua walevi waliojaza hati vizuri kuliko wacha Mungu. Kasoro inayoua tembo ni kudhani kwamba kwa kuwa moyo wako ni mwema, na kwa kuwa umelala porini na kuumwa na ndorobo, karatasi itakuelewa.

Ombi langu kwa mwandishi ni hili. Sehemu ijayo asifungue akaunti ya benki ya mhifadhi ili sisi wasomaji tulale usingizi. Ampe kwanza yule mtunza ghala jina na ukurasa mmoja. Amwamshe kwenye kiti. Amweke mhifadhi mbele yake akiomba tarakimu moja, na aandike kila kitu kilichomo chumbani: mizani ya kuning'iniza, harufu ya wino, meno yaliyopangwa kwa ukubwa kwenye rafu, yale ya 1990 yaliyopasuka nyufa kwa ukavu na yale ya juzi yenye unyevu. Amwache mtunza ghala aamue, na amwache asijue amemsaliti nani. Kama anahitaji kuelezwa jinsi hati inavyojazwa, wapi saini inakaa na nani anasimama wapi, nitakuja ofisini kwako kwa nauli yangu, nitakaa naye siku nzima.

Bwana Nyama wetu nilimwona kwa mara ya mwisho kituo cha mabasi Msamvu, mimi nikiwa nimeshastaafu, naye nywele zimekuwa nyeupe zote. Alinipokea begi bila kuuliza, akanipeleka mpaka mlango wa basi. Tukaulizana habari za watoto. Basi lilipowasha injini akainama dirishani, akauliza, "Dada, ile saa ya ukutani, ilikuwa inakwenda sawa?"

Nikamwambia ndiyo, kaka, ilikuwa sawa.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayejumlisha hesabu na kupata jibu lilelile. Kisha akaenda kwa muuzaji, akanunua chupa ya maji, akanipa kwa dirishani, na basi likaondoka.

Wako,
Mtunza ghala mstaafu,
Morogoro